Stovu Iliyoundwa Ifunguliwe

Agosti 1930, mabaharia wa meli ya Bratvaag kutoka Norwei walishuka Kvitøya, kisiwa cha barafu mashariki ya Svalbard, wakakuta mabaki ya kambi. Ilikuwa kambi ya Salomon August Andrée, Mswidi aliyepaa kwa puto mwezi Julai 1897 pamoja na wenzake wawili, akitaka kufika Ncha ya Kaskazini, na ambaye hakuonekana tena. Palikuwa na mifupa, shajara, na hata filamu za picha ambazo baadaye zilisafishwa zikatoa sura za watu. Katikati ya vitu hivyo palikuwa na stovu ya Primus ya shaba, nzima, tangini mkiwa bado na mafuta ya taa. Ilikuwa imelala barafuni miaka 33.

Watu wanaokarabati stovu za zamani huisimulia habari hii kila wanapopata msikilizaji, nami naona wana haki. Leo Ulaya na Marekani wapo wengi wanaotumia jioni zao kufungua stovu zilizotengenezwa kabla baba zao hawajazaliwa, wakazisafisha, wakazibadilisha vipuri, wakaziwasha, kisha wakazibeba kwenda nazo kambini. Mchezo huu umewezekana kwa sababu ya uamuzi uliofanywa tangu mwanzo: mtengenezaji alijua kila kipande kitachakaa, kwa hiyo kila kipande alikifanya kiweze kutoka.

Mwanzo wenyewe uko Stockholm. Kabla ya hapo jiko la mafuta ya taa lilikuwa la utambi, na mwenye kulijua hahitaji kuelezwa lilivyo: moshi, masizi chini ya sufuria, harufu nyumba nzima. Mwaka 1882 fundi Carl Richard Nyberg aliunda taa ya kulehemu iliyobadilisha mafuta kuwa mvuke kabla ya kuyachoma, na moto wake ukawa mkali kuliko wa utambi wowote. Miaka kumi baadaye Frans Wilhelm Lindqvist, aliyekuwa fundi katika kiwanda cha Separator mjini humo, aliitumia kanuni hiyo kwenye jiko. Akaungana na Johan Viktor Svenson, wakaanza kutengeneza mwaka 1892, na biashara ya kuuza ikashikwa na kampuni ya B. A. Hjorth. Jiko likaitwa Primus.

Utendaji wake unastahili kuelezwa polepole, maana ndani yake ndimo ilimo raha yote ya ukarabati. Chini kuna tangi la shaba lenye pampu ndogo ubavuni. Kutoka kwenye tangi linapanda bomba hadi kwenye kichwa, na kuzunguka shingo ya kichwa kuna kikombe kidogo. Mtu anamimina spiriti kwenye kikombe, anaiwasha, anasubiri. Spiriti inapokaribia kwisha anafunga skurubu ya hewa na kupiga pampu mara chache. Mafuta yanasukumwa juu, yanapita kwenye mirija ya kichwa iliyokwisha pata joto, yanageuka mvuke, na mvuke unatoka kwa kasi kwenye tundu dogo lisilofika nusu milimita. Hapo unachanganyika na hewa na kuwaka kwa moto wa buluu. Kuanzia hapo moto wenyewe ndio unaoipasha joto mirija, na jiko linajiendesha mpaka hewa au mafuta yaishe. Ukitaka kulizima, fungua skurubu ya hewa.

Anayejua karabai tayari analijua jiko hili. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria, Ziwa Tanganyika na wa pwani yetu walivua kwa miaka mingi chini ya taa zinazofuata kanuni hiyo hiyo ya pampu, mvuke na tundu dogo. Na katika nyumba nyingi za miji ya Afrika Mashariki stovu ya pampu ilikuwa na mahali pake jikoni, na pini yake ya kuzibulia ikitunzwa mahali ambapo watoto hawafiki. Mafundi wa karabai waliokaa barazani na koleo na vipande vya ngozi walikuwa wakifanya, kwa kujipatia riziki, kazi ile ile ambayo leo wengine wanaifanya kwa mapenzi tu.

Wasafiri wa barafuni waliikumbatia Primus mapema. Fridtjof Nansen alipoiacha meli ya Fram mwezi Machi 1895 na kuelekea kaskazini kwa sleji pamoja na Hjalmar Johansen, walikuwa nayo. Jangwa la barafu lina maji kila upande, lakini hayanyweki mpaka yayeyushwe, na asiye na moto hufa kwa kiu. Kwa hiyo uzito wa mafuta uliobebwa ndio uliopanga mtu aende siku ngapi. Jiko lisilomwaga joto bure liliongeza siku hizo.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mkarabati anapaswa kukijua, nacho kinahusu mikebe ya mafuta kuliko stovu yenyewe. Robert Falcon Scott na wenzake, wakirudi kutoka Ncha ya Kusini mwanzoni mwa 1912, walifika kwenye maghala waliyoyaacha njiani wakakuta mafuta yamepungua. Mikebe ilizibwa kwa vizibo vyenye washa za ngozi, na katika baridi ile ngozi haikushika sawasawa, mafuta yakapotea kidogo kidogo. Roald Amundsen, aliyefika nchani tarehe 14 Desemba 1911, aliijua hatari hiyo na mikebe yake aliifunga kwa kulehemu. Scott hakupona. Sababu zilikuwa nyingi, lakini upungufu wa mafuta ulikuwa mmojawapo. Ndiyo maana simlaumu mtu anayetumia jioni nzima kuikagua washa yenye upana wa ukucha.

Mlimani nako stovu ilikuwa na kazi. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Mei 1953, Edmund Hillary na Tenzing Norgay walilala kwenye hema karibu na mita 8,500 za Everest. Asubuhi viatu vya Hillary vilikuwa vimeganda kama mawe. Alivishikilia juu ya moto wa stovu mpaka vikalainika kiasi cha kuvaliwa, ndipo wakatoka kwenda kileleni.

Wakati huo Primus haikuwa peke yake tena. Uswidi hiyo hiyo ilikuwa na Optimus, iliyoanza mwaka 1899, na Radius. Ureno ilikuwa na Hipólito wa mji wa Torres Vedras. Mwaka 1955 ikaja Svea 123, stovu ya petroli safi ya ukubwa wa kikombe, yenye uzito wa kama nusu kilo. Haina pampu kabisa. Joto la moto wake linashuka kupitia shaba mpaka kwenye tangi, petroli inajipasha, na shinikizo linajizalisha lenyewe. Ufunguo wake umening'inia kwa mnyororo, na kifuniko chake ni sufuria ndogo. Kwa maoni yangu hakuna stovu iliyobuniwa kwa akili kuliko hiyo.

Marekani ilichukua njia yake. Kampuni ya Coleman ya Wichita, Kansas, iliyokua kwa kuuza taa za pampu, ilipewa na jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili kazi ya kuunda stovu ndogo ambayo askari angeweza kuibeba, na ambayo ingewaka kwenye baridi kali na kwenye joto la jangwani. Stovu hiyo, namba 520, ilianza kutumika mwaka 1942. Mwandishi wa habari za vita Ernie Pyle aliisifu hadi akaiweka sambamba na gari la jeep. Vita vilipokwisha, nyingi zilibaki kwenye mabohari na kwenye vibanda vya wazee, na hizo ndizo ambazo wakarabati wa leo wanazitafuta.

Kilichozishusha stovu hizi zote ni mtungi mdogo wa gesi. Hauna spiriti, hauna pampu, hauna kusubiri. Unafungua na kuwasha. Kufikia 1962 mwenye kiwanda cha Primus, kampuni ya Bahco, aliuza upande wa stovu za mafuta kwa Optimus na kubaki na gesi. Shaba ikaenda darini.

Anayeishusha darini leo huanza kwa kuinusa. Mafuta yaliyokaa miongo hugeuka utomvu wa kahawia unaonuka kama vanishi, na utomvu huo hukamata kila uzi wa skurubu. Asiye na subira huchukua spana na kuvunja kichwa. Mwenye subira hukipasha joto kidogo, huweka mafuta laini ya kupenya, huacha usiku kucha, hujaribu tena. Tangi huoshwa ndani kwa asidi ya ndimu au siki, kisha husuuzwa na kukaushwa vizuri.

Baada ya hapo ni pampu. Mwishoni mwa fimbo yake kuna kikombe cha ngozi, na mara nyingi ngozi hiyo imekauka na kusinyaa tu. Ikilowekwa mafuta ya injini hulainika, hutanuka, na pampu huanza kushika hewa papo hapo. Hakuna kitu katika kazi hii kinachonifurahisha zaidi ya kuona ngozi ya miaka 70 ikirudi kazini. Chini kabisa ya pampu kuna valvu ndogo inayozuia hewa isirudi, na ndani yake kipande cha kizibo au raba. Kikifa, mpini wa pampu hupanda juu wenyewe ukisukumwa na mafuta. Siku hizi hubadilishwa kwa raba isiyoliwa na mafuta. Kati ya bomba na kichwa kuna washa ya risasi, laini makusudi ili ibonyee na kuziba, nayo huwekwa mpya kila kichwa kinapofunguliwa. Tundu la mvuke huzibuliwa kwa sindano yake, kwa mkono mwepesi, maana tundu likipanuka moto huwa wa manjano na masizi hurudi.

Halafu tangi tupu hutiwa hewa na kuzamishwa majini. Viputo husema ukweli ambao macho hayaoni: ufa kwenye shaba, au mshono uliolegea wa lehemu. Tangi lenye ufa haliwashwi. Hapa sioni nafasi ya mjadala. Vivyo hivyo petroli haitiwi kwenye stovu ya mafuta ya taa, na kifuniko chenye valvu ya usalama hubadilishwa raba yake hata kikionekana kizima, kwa sababu raba iliyokauka hushindwa siku ile tangi linapopata joto kupita kiasi. Stovu za zamani pia huwa na vipande vya asbesto kwenye kikombe cha spiriti au kwenye viungio. Hivyo havikwaruzwi vikiwa vikavu.

Kubadilisha muundo ndiko kunakogawa watu. Kuna vichwa vya aina mbili: kinachonguruma, ambacho mvuke hupiga bamba na kusambaa, na cha kimya, ambacho moto hupita kwenye kofia yenye matundu mengi madogo. Wengi huondoa bamba la Svea 123 na kuweka kofia ya kimya iliyochongwa na mafundi wadogo wa leo. Wengine huongeza pampu ndogo ya mkono kwenye kifuniko, jambo ambalo Optimus wenyewe walilifanya. Wengine hutenga tangi na kichwa kwa mpira mrefu ili sufuria kubwa isilipashe tangi joto. Wako pia wanaotoboa tangi, wanaochubua nikeli yote ili shaba ing'ae, wanaosugua mpaka maandishi ya kiwandani yanafutika.

Mimi niko upande wa wale wanaobadilisha kwa kofia na skurubu, na si kwa kutoboa wala kusugua. Primus zilipigwa mhuri wa herufi ya mwaka, A ikiwa ya 1911, na Coleman walipiga mwezi na mwaka chini ya tangi. Anayefuta alama hizo amewanyima wanaokuja njia ya kujua wameshika nini. Kofia ya kimya hutoka kwa mkono, na bamba la asili hurudi mahali pake kwa dakika moja, kwa sharti kwamba mwenye stovu hakulitupa.