Mwigizaji wa Uganda alilelewa na kundi

Kijana wa Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, akisema anataka kuishi kwa uigizaji, huelekezwa Kampala: apande basi, azunguke kwenye usaili wa filamu, asubiri bahati. Mwenzake wa Bwizibwera, kwenye barabara ya Mbarara kwenda Ibanda, huambiwa hayo hayo. Historia ya jukwaa la Uganda haiungi mkono ushauri huo. Wycliffe Kiyingi alianzisha kundi lake la maigizo mwaka 1954, miaka mitano kabla Ukumbi wa Taifa wa Maigizo haujafunguliwa. Tangu hapo, wengi waliodumu katika kazi hii walitoka katika makundi, na kundi ndilo lililowafunza na kuwatafutia watazamaji.

Makundi hayo hayakuogopa wingi wa lugha. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianza kuzunguka vijijini na mijini na maigizo yasiyo na kiingilio, kwa Kiingereza na kwa lugha za Afrika Mashariki, Kiswahili kikiwemo. Robert Serumaga na kundi lake la Abafumi walikwenda mbali zaidi. Mchezo wao *Renga Moi*, uliotokana na simulizi ya Waacholi, ulichanganya lugha kadhaa za Uganda na kuuachia mwili, ngoma na mdundo kubeba sehemu kubwa ya kisa, nao ukapokewa vizuri hadi nje ya bara hili. Mchezo wa namna hiyo ungeeleweka Nakivale. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali na Waethiopia, huku Kiswahili kikiwaunganisha wengi wao. Kampala kijana huyo ataulizwa kwa nini hajui Kiganda vizuri. Kwao, lugha nne alizokulia nazo ni mtaji.

Atakayepinga atasema hayo ni ya jukwaani, na siku hizi riziki iko kwenye filamu. Basi tuzitazame filamu zenyewe. *The Last King of Scotland* ya mwaka 2006 ilipohitaji Waganda, iliwachukua watu kama Abby Mukiibi wa Afri-Talent na Stephen Rwangyezi, mwanzilishi wa Ndere, ambao makundi yao yalikuwa yamekwisha kuwapika kwa miaka mingi. Madina Nalwanga, nyota wa *Queen of Katwe* ya mwaka 2016, anatajwa sana kama mfano wa bahati, lakini hata yeye alionekana akiwa kwenye darasa la ngoma. Wapiga picha huja na kuondoka, na wakija huwatafuta walio tayari.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba kundi halilishi, na wakati mwingine huua. Byron Kawadwa, mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa, alikamatwa na kuuawa na watu wa Idi Amin mwaka 1977, muda mfupi baada ya kupeleka mchezo wake kwenye tamasha la Lagos. Serumaga naye alikimbilia uhamishoni. Hatari ya leo ni ya aina nyingine: shirika hulipa posho kwa igizo la afya au usafi, mradi ukiisha kundi hutawanyika. Sioni kosa katika posho hiyo. Waigizaji wa kundi la Bakayimbira waliigiza mchezo wa *Ndiwulira* kuhusu UKIMWI miaka ya 1990 bila kuacha kuwa wasanii, kwa kuwa walikuwa na michezo yao na watazamaji wao waliokuwa tayari kulipa kiingilio. Linaloua kundi ni kukosa mchezo wake lenyewe. Na njia ya kuupeleka mchezo huo kwa watazamaji iko wazi: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kusafiri nchini. Kwa hiyo mchezo wa Kiswahili uliotungwa Nakivale, ukiongezwa mzaha wa Kinyankole, unaweza kupitia Mbarara na kufika Bwizibwera siku ya soko, bakuli la kiingilio likiwa mlangoni.