Omonie wa jeshi la akiba: wito wake, sheria yake, kazi yake

Tangu mwaka 2023 makanisa yetu ya mashariki yana jambo jipya mikononi. Mwaka huo nchi yetu ilipata sheria iliyounda Jeshi la Akiba la Ulinzi, linaloitwa RAD kwa kifupi cha Kifaransa, ili kusaidia FARDC kulinda nchi. Wengi wa wale tunaowaita Wazalendo wanahesabiwa upande huo. Kwa hiyo mtu aliye na bunduki leo anaweza kuwa mwimbaji wa korali yetu, mwalimu wa shule, mvuvi wa ndagala au shemasi. Anaondoka, anakaa huko miezi, kisha anarudi na kuketi kwenye benchi lake la zamani.

Wachungaji nao wanauliza, na hapa Kalemie swali linarudi mara kwa mara: je, mchungaji anaweza kuwa omonie wa askari wa akiba? Nani anamtuma? Atafanya nini huko, na hatafanya nini? Tumeandika makala hii ili wazee wa kanisa na watumishi wawe na jibu karibu.

Omonie ni nani

Omonie ni mchungaji wa askari. Neno lenyewe ni la Kifaransa na linatokana na sadaka: zamani lilikuwa jina la mtumishi aliyegawia maskini. Jina wanalotumia wenzetu wa Kenya na Uganda linatokana na joho la Martin wa Tours, askari wa karne ya 4, ambaye kwa mapokeo alikata joho lake vipande viwili ili ombaomba asife kwa baridi. Majina yote mawili yanatukumbusha huruma kwanza.

Katika jeshi letu uchungaji umepangwa kufuata madhehebu: wako maomonie wa Katoliki, wa Kiprotestanti, wa Kimbangu na wa Kiislamu. Omonie wa Kiprotestanti ni wa jumuiya zote za ECC, Kanisa la Kristo katika Kongo, ambalo tangu mwaka 1970 limetukusanya chini ya jina moja. Katika kikosi kimoja atakuta Mmethodisti, Mpentekoste, Mbaptisti na mtu wa Garenganze. Hawezi kugeuza kambi kuwa tawi la jumuiya yake, wala kuleta huko mabishano yetu ya ubatizo. Askari aliye na usiku mmoja kabla ya kupelekwa mbele hana muda wa mabishano hayo.

Maandiko yanasema nini

Watu wengi wanakumbuka Kornelio wa Matendo 10. Lakini kuna sehemu tatu nyingine ambazo omonie anapaswa kuzijua vizuri.

Ya kwanza ni Kumbukumbu la Torati 20. Pale kuhani anasimama mbele ya jeshi kabla ya vita na kuwatia watu moyo. Baada yake maofisa wanawaambia baadhi warudi nyumbani: aliyejenga nyumba asiizindue, aliyepanda mizabibu asile matunda yake, aliyechumbia asioe, na pia mwenye hofu. Jeshi la Mungu lilijua kwamba kila askari ana nyumba nyuma yake.

Ya pili ni Luka 3:14. Askari walimwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini. Hakuwaambia watupe sare zao. Aliwakataza kunyang'anya watu na kuwasingizia, akawataka watosheke na mshahara wao. Sisi tunaojua vizuizi vya barabarani na mizigo ya akina mama sokoni tunaelewa vizuri neno hilo.

Ya tatu inasahaulika: Hesabu 31:19-24. Walioua vitani, hata katika vita walivyotumwa, walikaa nje ya kambi siku 7 na kutakaswa, wao na nguo zao, ndipo wakaingia. Tutairudia, kwa sababu kwa askari wa akiba ndiyo kubwa kuliko zote.

Sheria inasema nini

Katiba ya 2006 inatoa mipaka mitatu. Kifungo cha 63 kinasema kwamba kulinda nchi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Kifungo cha 188 kinalifanya jeshi kuwa la taifa lote, lisilo la chama, chini ya mamlaka ya kiraia. Kifungo cha 190 kinahesabu kuwa uhaini mkuu kuunda kundi la silaha la binafsi au kuweka vijana wenye silaha. Basi mchungaji anayekwenda kuombea kundi lisilo chini ya amri ya serikali, hata kama vijana wake ni wa kijiji chake, si omonie. Anajiingiza katika jambo lingine.

Sheria ya kimataifa nayo ina neno kwa ajili yetu. Mikataba ya Geneva ya 1949 inamlinda mchungaji aliye pamoja na jeshi: hashambuliwi, na akikamatwa hahesabiwi kuwa mfungwa wa vita, bali anaendelea kuwahudumia wafungwa. Itifaki ya Kwanza ya 1977 inaeleza kwamba mtumishi huyo anaweza kuwekwa kwa kudumu au kwa muda, na hapo ndipo mchungaji wa akiba anapopata nafasi yake. Itifaki ya Pili inahusu vita vya ndani ya nchi, nayo pia inaagiza watumishi wa dini waheshimiwe na kulindwa.

Ulinzi huo una sharti: awe katika kazi ya dini peke yake. Anayehubiri asubuhi na kushika zamu ya bunduki usiku amejiondoa mwenyewe chini ya ulinzi huo, na anawaweka hatarini maomonie wengine, kwa sababu adui hataamini tena kitambaa cha mkononi. Katika jeshi la Marekani, ambalo limekuwa na wachungaji tangu 1775, omonie habebi silaha. Anayebeba ni msaidizi wake. Tufuate njia hiyo. Mchungaji anayesikia kwamba wito wake ni kupigana aende kama askari, aweke kando jina la omonie.

Njia ya kufika huko

Hatua ya kwanza iko nyumbani. Bibi na watoto wasikie habari hii kabla ya wakubwa wa jeshi, maana wao ndio watakaobaki. Kisha wazee wa parokia, ambao watalazimika kumpata mtu wa kushika mimbari. Kisha mwakilishi wa kisheria wa jumuiya, ofisi ya ECC ya jimbo, na uomonie wa Kiprotestanti wa jeshi. Mchungaji asianze kwa komanda anayemfahamu. Akiingia kwa mlango wa komanda, atakuwa mtu wa komanda.

Mtumishi anayefaa ametiwa mikono, amesoma teolojia, na ameongoza kanisa kwa miaka kadhaa. Amezika watu. Anaweza kukaa kimya karibu na mtu anayelia. Afya yake inamruhusu kutembea na kulala nje. Hana deni la ugomvi katika jumuiya, na hakimbii kanisa lililomchosha.

Kanisa linalotuma lishike pia haki ya kuita. Kwa Wamarekani mchungaji wa jeshi hawezi kuendelea ikiwa kanisa lake limeondoa barua ya kumthibitisha. Sisi tuandike barua ya namna hiyo: kazi gani, kwa muda gani, na siku gani atarudi kutoa habari mbele ya wazee.

Kazi ya kila siku

Ibada ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kusikiliza. Askari anakuja usiku na habari ya mtoto mgonjwa, ya bibi asiyejibu simu, ya mshahara uliochelewa, ya kitu alichokiona barabarani. Anachosema kwa siri kinabaki siri. Omonie akigeuka kuwa sikio la komanda mara moja tu, hema lake litabaki tupu.

Tunashauri kila omonie awe na daftari. Kabla kikosi hakijaondoka, aandike jina kamili la kila mtu anayekubali, jina la bibi au mzazi, kijiji, kanisa na simu. Askari wa kudumu ana karatasi zake kambini. Kijana wa akiba kutoka Nyunzu au Moba anaweza kufa bila mtu kujua mama yake yuko wapi. Daftari hilo limfikishie mama habari, na limsaidie mjane kuthibitisha kwamba mume wake alikuwa pale.

Kuna mambo ambayo omonie atayakuta na lazima awe amekata shauri mapema.

Dawa. Jina la Mai-Mai linatokana na maji yanayoaminiwa kugeuza risasi. Vijana wengi wanaleta imani hiyo, na wanataka sala ya mchungaji iwe dawa ya pili. Aombe pamoja nao, lakini awaambie wazi kwamba sala haizuii risasi kama ngao ya chuma, na kwamba Mungu hamwachi anayepigwa.

Ukabila. Jimbo letu la Tanganyika lilijionea vita kati ya Waluba na Watwa. Kufikia mwaka 2017 watu zaidi ya 500,000 walikuwa wamekimbia makwao. Neno la chuki dhidi ya kabila au lugha fulani, likitoka kinywani mwa omonie, linaua mbali kuliko bunduki.

Watoto. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inakataza kuingiza jeshini mtu aliye chini ya miaka 18. Thomas Lubanga wa Ituri alihukumiwa huko Hague mwaka 2012 miaka 14 kwa sababu ya watoto askari. Omonie akimwona mtoto mstarini amwambie komanda siku hiyohiyo, na asiposikilizwa apande ngazi inayofuata.

Wenye hukumu. Mwezi wa Machi 2024 serikali iliondoa katazo la kutekeleza hukumu ya kifo lililokuwapo tangu 2003. Mwezi wa Julai mwaka huo mahakama ya kijeshi huko Kivu ya Kaskazini iliwahukumu kifo askari 25, wengi wao kwa kumkimbia adui. Omonie haingilii kazi ya hakimu. Lakini anaingia gerezani, anaketi na aliyehukumiwa, anapeleka habari zake nyumbani, na hamwiti mwoga.

Tena asishike siasa. Viongozi wa ECC na maaskofu wa Katoliki walianza mwaka 2025 kutembea pamoja kutafuta mapatano ya amani. Omonie anaweza kuwaombea askari wake na kuiombea safari hiyo katika sala moja. Hakuna ugomvi kati ya mambo hayo mawili.

Kurudi

Hapa ndipo omonie wa akiba anapotofautiana na mwenzake wa kudumu. Askari wa kudumu akitoka mbele anarudi kambini, kati ya watu wanaojua alikotoka. Askari wa akiba anashuka kwenye boti au lori, anapita sokoni, na jioni anakula ugali na watoto. Hakuna siku 7 nje ya kambi. Baada ya Goma na Bukavu kuangushwa mwanzoni mwa 2025, sisi wa kando ya ziwa tumepokea watu wengi kutoka kaskazini, raia na askari, na tunajua mtu anaweza kufika mwili wake ukitangulia.

Dalili zinajulikana: halali usiku, anashtuka radi ikipiga juu ya ziwa, anakunywa, anampiga bibi, au anakaa kimya hata watoto wanamwogopa. Wengine wanabeba mali isiyo yao, na inawachoma. Wengine wameua, na hawajui wamwambie nani. Mapepo yasiwe jibu letu la kwanza. Mengine ni jeraha, na jeraha linahitaji kituo cha afya pamoja na sala.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Siku ya Mungu ya kwanza asisimamishwe mbele kupigiwa vigelegele, wala asiombwe ushuhuda. Aachwe aketi. Ndani ya juma hilo omonie, au mchungaji wake, amtembelee mara mbili: mara moja yeye peke yake, mara moja pamoja na bibi. Ikiwa alichukua cha mtu, asaidiwe kukirudisha kama Zakayo. Ikiwa ana neno la kuungama, lisikilizwe bila kushtuka. Baadaye, akitaka mwenyewe, wazee wamwekee mikono na kumwombea mbele ya kanisa. Muda huo ndio siku zake 7.

Na nyumba za waliobaki huko zisisahauliwe. Mama anayemsubiri mtoto aliye msituni yuko vitani pia. Mjane wa askari wa akiba asiachwe apige hodi ofisini peke yake. Shemasi mmoja afuatane naye, na daftari la omonie mkononi.

Tunaomba kila parokia yenye vijana katika jeshi la akiba ifanye mambo mawili kabla ya mwezi huu kuisha: iandike majina yao, na ichague watu wawili wa kuwapokea watakaporudi. Hata pasipo na omonie, kazi hiyo inaweza kuanza. Bwana awalinde walio mbali, awafariji wanaosubiri, na atupe amani nchini mwetu.