Kadi ya mtandao hulaumiwa kwa makosa ya kiendeshaji

KOMPYUTA inapokwama kila mara faili kubwa inapopakuliwa, wengi hukimbilia kununua kadi mpya ya mtandao. Ikiwa kadi hiyo nayo itatawaliwa na programu ileile, yaani kiendeshaji, na kuchomekwa palepale, fedha hizo zimepotea bure.

Kifaa kikitaka kuhudumiwa, hutumia prosesa ishara ya kuikatiza kazi kupitia laini maalumu iitwayo IRQ. Kompyuta ya IBM PC/AT ya mwaka wa 1984 ilikuwa na laini 16 pekee, na moja kati yazo iliunganisha chipu mbili zilizozisimamia. Vifaa vilipoongezeka, mfumo wa PCI wa mwaka wa 1992 uliruhusu kadhaa vitumie laini moja. Tangu hapo, kengele ikilia kwenye laini ya ushirika, viendeshaji vyake huamshwa kimoja baada ya kingine, na kila kimoja sharti kiangalie iwapo ni kifaa chake kilichobisha.

Hapo ndipo penye kiini cha balaa. Kiendeshaji kilichoandikwa ovyo hujisajili kwenye laini kabla ya kutayarisha kumbukumbu zake. Kadi ya sauti ikibisha wakati huo, kiendeshaji cha mtandao huitikia mwito usio wake, hushika anwani tupu, na mfumo mzima huanguka. Wakati mwingine hakuna anayekiri kubisha. Linux ikiona kwamba kati ya ishara 100,000 zaidi ya 99,900 hazina mwenyewe, huifunga laini hiyo, na mtandao huzorota au kukatika ilhali kadi ni nzima.

Kwenye Linux, faili ya /proc/interrupts huonyesha wanaoshiriki laini. Kwenye Windows, orodha hiyo imo katika Device Manager. (Neno IRQL kwenye skrini ya buluu ya Windows huwapotosha wengi; hilo ni daraja la kipaumbele cha kazi, wala si nambari ya laini.) Kabla ya kwenda dukani, afadhali kadi ihamishiwe tundu jingine, kwani matundu huunganishwa na laini tofauti, na vifaa visivyotumika vizimwe katika BIOS. Hatua hizo hukwepa tu hitilafu. Dawa yenyewe ni kiendeshaji kilichorekebishwa.

Kadi za PCI Express zaweza kuandika ujumbe wao moja kwa moja badala ya kugombania kengele, mradi kiendeshaji kiiwashe njia hiyo.