Picha ya Tembe na Majina Yake

Kitabu cha Richard Burton kilichotolewa mwaka 1860 kina picha ya kuchongwa ya tembe alilokaa karibu na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1857, akielekea huko, msafara wake ulivuka Mgunda Mkali, nchi ambayo sehemu yake leo imo katika Mkoa wa Singida. Katika mkoa huo Wagogo na Wanyaturu nao walijenga nyumba za tembe. Picha ya namna hiyo huonyesha nyumba kwa nje tu. Haitaji nguzo, boriti wala udongo wa paa ambapo nafaka huanikwa. Hayo hukaa katika Kigogo na Kinyaturu. Bati lichukuapo mahali pa udongo, majina nayo hupotea. Yafaa basi yakusanywe kwa wazee, na picha isomwe pamoja nayo.