Kadi ya Benki na Simu ya Mkononi: Ipi Bora kwa Kulipia?

Ninyi mlio darasani, fungueni madaftari yenu. Na ninyi mnaosikiliza nyumbani, sogezeni viti karibu na redio. Somo letu la leo ni la historia, lakini ni historia ya kitu ambacho kila mmoja wetu hukitafuta kila siku, yaani fedha.

Liko swali ambalo watu huulizana siku hizi dukani na safarini. Je, kulipa kwa simu ni bora kuliko kulipa kwa kadi ya benki? Swali hili hatuwezi kulijibu barabara mpaka tujue kwanza vitu hivi viwili vilizaliwa wapi, na kwa haja gani. Jembe ni bora shambani na chombo ni bora baharini. Basi na tuanze mwanzo.

FEDHA ZA ZAMANI

Maneno yetu yenyewe yanatusimulia habari. Neno fedha asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni yale madini meupe yanayofuliwa bangili na vipuli. Neno pesa linatokana na paisa, sarafu ndogo ya Uhindi, maana rupia za Uhindi zilitumika sana katika pwani yetu. Neno hela linatokana na heller, sarafu ambayo Wajerumani waliianzisha katika koloni lao la Afrika ya Mashariki mwaka wa 1904, heller 100 kwa rupia moja. Na Waganda mpaka leo huita fedha ensimbi, kwa kuwa wazee wao walinunua na kuuza kwa simbi, yaani kauri za baharini.

Mwaka wa 1921 ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1966 nchi za Tanzania, Kenya na Uganda zikaiacha shilingi hiyo ya pamoja, kila moja ikatoa shilingi yake.

Sasa angalieni jambo moja. Fedha zote hizi mtu aliweza kuzijua kwa macho na kwa vidole. Hata asiyejua kusoma aliijua noti kwa rangi yake, na sarafu aliijua kwa ukubwa wake na uzito wake. Likumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

KADI ILIVYOZALIWA

Kadi ya kulipia ilizaliwa Marekani, katika mji wa New York, mwaka wa 1950. Bwana mmoja jina lake Frank McNamara na wenzake walianzisha chama kilichoitwa Diners Club. Mwanachama alipewa kadi ya karatasi ngumu. Akienda kula hotelini alionyesha kadi ile, akala, akaondoka bila kutoa senti. Mwisho wa mwezi aliletewa hesabu yake yote, akalipa. Na mwenye hoteli je? Yeye alikatwa asilimia 7, yaani katika kila dola 100 alipata 93 tu.

Mwaka wa 1958 benki kubwa ya Marekani, Bank of America, ilifanya jambo la ajabu katika mji wa Fresno, jimbo la California. Iliwapelekea watu kadi 60,000 kwa posta, bila wao kuziomba. Watu wengi wakakopa kwa kadi zile na wasilipe, na wezi nao wakaziiba na kuzitumia. Benki ikapata hasara kubwa. Hata hivyo haikuacha, ikaendelea kurekebisha mambo, na tangu mwaka wa 1976 kadi hiyo imeitwa Visa.

Baadaye kadi ikabandikwa utepe mweusi unaosomwa na mashine. Lakini utepe ule wezi waliweza kuunakili. Kwa hiyo ikatiwa kidude kidogo cha rangi ya dhahabu ambacho ni vigumu sana kunakiliwa, na mwenye kadi akapewa namba ya siri. Na tangu tarehe 27 Juni 1967, benki ya Barclays ilipofungua mashine ya kutolea fedha huko Enfield, London, watu wakaanza kupata fedha zao hata benki ikiwa imefungwa.

Basi kadi ni mtoto wa benki. Ilizaliwa mahali ambapo watu wengi walikuwa na akiba benki, na maduka yana umeme na simu. Ili kadi ifanye kazi, sharti wewe uwe na akaunti, na mwenye duka awe na mashine. Kimoja kikikosekana, kadi yako ni kipande cha plastiki tu.

SIMU ILIVYOINGIA KATIKA KAZI YA FEDHA

Kwetu mambo yalikuwa mengine. Mtu aliyefanya kazi mjini na mzazi wake akakaa kijijini alituma fedha namna gani? Alimpa ndugu anayesafiri, au alimpa dereva wa basi bahasha, au alikwenda posta kununua hawala. Ndugu aliweza kuchelewa, bahasha iliweza kupotea, na posta ilikuwa mbali. Na benki ilikuwa mbali zaidi. Katika nchi ya Kenya mwaka wa 2006, katika kila watu wazima 100, ni kama 27 tu waliotumia huduma rasmi za fedha.

Lakini simu za mkononi zilikuwa zimekwisha enea. Watu wakaanza kutumiana vocha za simu badala ya fedha. Mtu alituma vocha, na aliyepokea akaiuza kwa jirani, akapata fedha taslimu. Hakuna aliyewafundisha, haja ndiyo iliyowafundisha.

Tarehe 6 Machi 2007, kampuni ya Safaricom huko Kenya ilianzisha M-Pesa. Herufi M ni ya simu ya mkononi kwa Kiingereza, na pesa ni neno letu. Mpango wake ni mwepesi. Unakwenda kwa wakala, ambaye pengine ni mwenye duka la sukari na sabuni, unampa fedha taslimu, naye anaziingiza katika simu yako. Unaandika namba ya mtu unayemtumia, unaandika kiasi, unatia namba yako ya siri. Mara moja mwenzako aliye mbali anapata ujumbe, anakwenda kwa wakala wa kijijini kwake, anachukua fedha. Mwaka wa 2008 M-Pesa ikaanza Tanzania kwa kampuni ya Vodacom, na makampuni mengine ya simu nayo yakafuata.

Hapa yafaa tufahamu kitu ambacho wengi hukikosea. Fedha haimo ndani ya simu. Fedha halisi imewekwa benki, na simu ni daftari tu linaloonyesha kiasi gani ni chako. Ndiyo sababu simu ikiibiwa, fedha yako haijapotea, mradi mwizi haijui namba yako ya siri. Unakwenda kwa kampuni yako, laini ya zamani inafungwa, unapewa nyingine yenye namba ile ile, na salio lako unalikuta.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Mwaka wa 2021, Wakenya wazima waliotumia huduma rasmi za fedha walikuwa kama 84 katika kila 100. Wataalamu wawili, Tavneet Suri na William Jack, walitangaza mwaka wa 2016 kwamba M-Pesa ilikuwa imezitoa kaya kama 194,000 za Kenya katika umaskini. Jamaa akipatwa na ugonjwa au mavuno mabaya, aliweza kupata msaada wa ndugu upesi bila kuuza mbuzi wake.

SIMU JANJA

Simu hizo za kwanza zilikuwa za vibonyezo. Kisha zikaja simu janja, zenye kioo cha kugusa na intaneti. Huko Marekani, mwezi wa Oktoba 2014, kampuni ya Apple ilianza njia ya kulipa kwa kuisogeza simu karibu na mashine ya dukani. Lakini nyuma ya simu hiyo ipo kadi ile ile ya benki. Kadi imejificha ndani ya simu, na mwenye duka hapewi namba yake. Hupewa namba nyingine iliyo badala yake. Tena simu hutaka kwanza alama ya kidole au sura ya mwenyewe. Kwa hiyo kwa usalama simu hii yaishinda kadi tupu.

Huko China walikwenda kwa njia nyingine. Muuzaji hubandika karatasi yenye alama ya mraba wa madoa meusi na meupe, na mnunuzi huipiga picha kwa simu akalipa. Hata muuza mboga aweza kuwa nayo, maana karatasi haihitaji umeme. Kwetu pia alama hizo zimeingia madukani, pamoja na namba za kulipia zilizoandikwa ukutani.

TUPIME SASA

Sasa tuweke vyote viwili katika mizani.

Kwanza, kufika mbali. Hapa simu yashinda. Wakala yuko hata pale ambapo benki haijafika. Tena simu ya vibonyezo yaweza kutuma fedha bila intaneti.

Pili, gharama. Ukilipa dukani kwa kadi, kwa kawaida mwenye duka ndiye anayekatwa sehemu, ingawa aweza kuirudisha kwako katika bei. Katika simu, mara nyingi hukatwa anayetuma, na tena hukatwa anayetoa. Serikali nayo huenda ikaongeza kodi yake. Mwezi wa Julai 2021 Serikali ya Tanzania ilianzisha tozo ya kutuma na kutoa fedha kwa simu. Wananchi walilalamika, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Basi kabla ya kutuma, ulizeni: ada ni kiasi gani? Kwa kiasi kidogo kidogo kinachotumwa mara nyingi, ada hula akiba kama mchwa.

Tatu, kukatika. Simu ikiisha chaji, huwezi kulipa. Kadi haiishi chaji, lakini mashine ya dukani yahitaji umeme na mtandao kama simu. Na mtandao ukikatika, vyote viwili husimama. Kwa hiyo mtu mwenye busara hakosi noti mfukoni, akiwa safarini hasa.

Nne, safari za nchi za mbali. Hapa kadi bado ina nguvu, maana kadi za makampuni makubwa hupokewa katika nchi nyingi, na fedha za simu za kwetu hazifiki kote.

Tano, wezi. Mwizi wa kadi hutafuta kadi yenyewe au namba zake. Mwizi wa simu hutafuta wewe. Hukuandikia ujumbe wa kukuambia ile hela uitume kwenye namba hii, au hukupigia akisema yeye ni mfanyakazi wa kampuni, naye anataka namba yako ya siri. Havunji mlango, anaomba ufunguo, na watu wengine humpa.

KUSOMA NDIYO KUFULI

Sasa nimefika penye jambo lile nililowaomba mlikumbuke. Fedha za zamani zilijulikana kwa macho na kwa vidole. Fedha ya kadi na ya simu haina rangi wala uzito. Ni maandishi na tarakimu tu. Asiyejua kusoma hana budi kumpa mtu mwingine simu yake amsomee, na kumtajia namba yake ya siri. Tuseme mama mmoja ametumiwa na mwanawe shilingi 50,000. Anampa kijana wa jirani simu amtolee. Kijana anamletea 40,000, anamwambia nyingine imekatwa na mtandao. Mama atajuaje? Ujumbe uko katika simu yake mwenyewe, umeandika kila kitu, ada na salio, lakini kwake umenyamaza.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari limo mkononi mwetu, nalo hujiandika lenyewe. Kilichobaki ni mwenye mali alisome.

Basi jibu letu ni hili. Kwa watu wengi wa Afrika ya Mashariki simu ni bora kuliko kadi, kwa sababu ilizaliwa kwa haja yetu, nayo hutufikia tulipo. Kadi ni bora kwa msafiri wa nchi za mbali. Lakini simu ni bora kwa yule tu awezaye kusoma mwenyewe jina, kiasi na salio, na ambaye namba yake ya siri haijui mtu mwingine hata mmoja. Ninyi mnaojifunza sasa herufi na tarakimu, mnajitengenezea kufuli ya mali yenu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Maneno fedha, pesa na hela yametoka wapi?
2. Kadi ya benki yahitaji vitu gani ili ifanye kazi dukani?
3. Kwa nini simu ikiibiwa fedha haipotei?
4. Mtu ana salio la shilingi 20,000. Anatuma 12,000, na ada ni 500. Amebakiwa na kiasi gani? Andikeni hesabu hiyo.
5. Kila mmoja asome mwenyewe ujumbe wa fedha ulio katika simu yake. Tafuteni jina, kiasi, ada na salio. Namba ya siri msimwonyeshe mtu, hata mwalimu.

Kwa leo tutaishia hapo. Kwaherini, na mjifunze kwa bidii.