Wingu Juu ya Ujerumani

Tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka, na upepo ukaisambaza sumu hadi Ujerumani. Watoto wakakatazwa kuchezea mchanga.

Mwaka uliofuata, mwalimu Gudrun Pausewang alitoa riwaya ya Die Wolke (yaani Wingu). Ndani yake, ajali inatokea kwenye kinu cha nyuklia cha Grafenrheinfeld, Ujerumani. Janna-Berta, mwenye miaka 14, anakimbia kwa baiskeli na mdogo wake Uli, ambaye anagongwa na gari akafa. Wazazi wao nao wanafariki. Msichana ananyonyoka nywele kwa sababu ya mionzi, lakini anakataa kukifunika kichwa. Hapo ndipo penye ujasiri wa kitabu: hakimfichi mtoto msiba.

Waliokiona cha kutisha mno walipinga, ila mwaka 1988 kilishinda tuzo kuu ya Ujerumani ya vitabu vya vijana. Kilistahili.

Kinu halisi cha Grafenrheinfeld kilizimwa mwaka 2015.