Matumbawe hai: Jinsi ya kuyarudishia afya baada ya kuumia safarini

Matumbawe hai yanayouzwa kwa ajili ya matangi ya samaki wa mapambo ya nyumbani ni mzigo mgumu kusafirisha. Kwa macho hufanana na mawe yenye rangi, na baadhi ya wapakiaji huyashika kama mawe. Lakini ni wanyama hai, na hasara kubwa ya biashara hii hutokea kati ya mfuko wa plastiki na wiki za kwanza ndani ya tangi la mnunuzi.

Makala hii inaeleza majeraha yanayopatikana safarini, namna ya kupokea mzigo na hatua za kulisaidia tumbawe kupona.

MATUMBAWE NI NINI?

Tumbawe moja ni mkusanyiko wa wanyama wadogo waitwao polipu. Aina ngumu hujenga mifupa ya chokaa, na nyama laini huifunika mifupa hiyo kama ngozi nyembamba. Ndani ya nyama huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho hulishwa tumbawe lenyewe.

Kwa sababu hiyo tumbawe linaweza kuumia kwa njia mbili. La kwanza ni jeraha la nyama: kuchanika, kuchunika au kuvunjika. La pili ni kupauka, yaani kupoteza mwani wake kutokana na joto, baridi au mwanga uliozidi. Tumbawe lililopauka huwa jeupe lakini nyama bado ipo, hivyo linaweza kupona. Lililobaki mifupa mitupu limekwisha kufa sehemu hiyo.

BIASHARA NA VIBALI

Marekani ndiyo soko kubwa zaidi la matumbawe hai, na miongoni mwa wauzaji wakubwa ni Indonesia na Australia. Indonesia ilisimamisha mauzo hayo nje ya nchi mwaka 2018 na kuyafungua tena mwaka 2020. Kwa upande wa Afrika Mashariki, Kenya imekuwa ikiuza samaki wa mapambo wa baharini nje kwa miaka mingi. Mizigo hiyo hufungwa kwa mifuko na masanduku ya aina ileile yanayotumika kwa matumbawe.

Matumbawe yote magumu yamo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES. Yanapovuka mpaka ni lazima yawe na kibali cha mamlaka ya CITES ya nchi yanakotoka. Nchi za Umoja wa Ulaya hudai pia kibali cha kuingiza. Tumbawe lililokuzwa shambani au kukatwa kutoka tangi la nyumbani halisamehewi: likivuka mpaka linahitaji karatasi zake. Msafirishaji anayepokea sanduku lisilo na kibali anaweza kunyang'anywa mzigo, na wanyama hao hufa wakati kesi ikiendelea.

MAJERAHA YA SAFARINI

Sababu za kawaida ni hizi:

- Kusuguana na plastiki. Kingo kali za mifupa huchana nyama ya tumbawe lenyewe. Wapakiaji wazoefu hulifunga tumbawe kwenye kipande cha povu gumu ili lielee kichwa chini bila kugusa mfuko.

- Maji kuchafuka. Tumbawe hutoa ute na uchafu, na amonia huongezeka kadiri safari inavyorefuka.

- Joto au baridi. Sanduku lililoachwa juani uwanjani, au kwenye ghala lenye baridi kali, huweza kuua mzigo wote hata kama mifuko haijapasuka.

Jambo moja linapaswa kufahamika na kila anayeshughulikia mzigo huu. Mfuko ukiwa umefungwa, hewa ya kaboni inayotolewa na mnyama hushusha pH ya maji, na amonia hubaki katika hali isiyo na sumu kali. Mfuko ukifunguliwa hewa hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia ileile hugeuka sumu. Kwa hiyo mifuko isifunguliwe njiani bila sababu ya lazima, na ikifunguliwa tumbawe lisiachwe kwa saa nyingi katika maji hayo ya safari.

KUPOKEA MZIGO

1. Piga picha mfuko kabla ya kuufungua. Wauzaji wengi hawakubali madai ya fidia bila picha hiyo.

2. Elea mfuko uliofungwa kwenye tangi kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Taa za tangi ziwe zimepunguzwa au kuzimwa.

3. Fungua mfuko, hamishia tumbawe kwenye ndoo, na uongeze maji ya tangi kidogo kidogo kwa muda usiozidi nusu saa. Maji ya safari yamwagwe, yasiingie kwenye tangi.

4. Losha tumbawe kwa dakika chache katika maji ya chumvi yenye dawa ya iodini iliyotengenezwa kwa matumbawe, kwa kipimo cha kibandiko. Kagua minyoo bapa na konokono wasio na gamba. Mayai yao hayafi kwa dawa hiyo, hivyo yakwanguliwe kwa mkono.

5. Suuza kwa maji safi ya chumvi, kisha weka tumbawe mahali pake. Shika mifupa, usishike nyama.

HALI YA MAJI

Tumbawe lililoumia huhitaji maji yasiyobadilika kuliko linavyohitaji dawa. Viwango vinavyofaa ni:

- Joto: nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi
- Chumvi: gramu 35 kwa kilo moja ya maji
- pH: 8.1 hadi 8.4
- Ugumu wa kaboneti: digrii 8 hadi 10
- Kalisi: miligramu 400 hadi 450 kwa lita
- Magnesi: miligramu 1,250 hadi 1,350 kwa lita
- Amonia: sifuri

Kiwango kilichopungua kidogo kirekebishwe kwa siku kadhaa. Kukipandisha kwa siku moja huongeza jeraha. Maji ya bomba yenye klorini yasitumike, na dawa za samaki zenye shaba zisiingie kabisa kwenye tangi hilo kwa kuwa shaba huua matumbawe.

MWANGA, MKONDO NA CHAKULA

Kosa la kawaida ni kuliweka tumbawe lililopauka chini ya taa kali kwa kudhani litarudisha rangi haraka. Mwani uliobaki ni mchache na mwanga mkali huufukuza. Lianze chini ya tangi, au kwa taa iliyopunguzwa, kisha mwanga uongezwe taratibu kwa wiki 2 hadi 4.

Mkondo wa maji uwe wa wastani. Uondoe ute na takataka juu ya kidonda, lakini usipige nyama moja kwa moja.

Tumbawe lisilo na mwani lina njaa. Aina zenye polipu kubwa hulishwa vipande vidogo vya kamba au viluwiluwi vya artemia mara 2 kwa wiki, hasa usiku minyiri inapotoka. Chakula kisicholiwa kiondolewe kabla hakijaoza.

KIDONDA KINACHOENEA

Kidonda kilichotulia huachwa. Nyama itaanza kutambaa tena juu ya mifupa, na kazi ya mwenye tangi ni kuondoa mwani wa kijani unaoota kwenye sehemu iliyo wazi, kwani ndio unaozuia nyama kurudi.

Nyama ikiendelea kubanduka ndani ya saa chache, hasa kwa jamii ya Acropora, kungoja ni hasara. Kata sehemu yenye afya, kiasi cha sentimita 1 ndani ya nyama nzima, na ubandike kipande hicho kwenye jiwe kwa supaglu. Ukionekana ute wa kahawia wenye harufu mbaya, uvute kwa bomba la sindano pampu zikiwa zimezimwa, losha tumbawe kwa iodini, na litenge na mengine.

TAHADHARI KWA WATU

Baadhi ya jamii za Zoanthus na Palythoa zina sumu kali iitwayo palitoksini. Wahudumu wavae glavu na miwani, wasiguse macho, na wasichemshe kamwe mawe yenye viumbe hao kwa sababu mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitali.

Matumbawe yaliyokufa, mawe na maji ya safari visitupwe baharini, kwani vinaweza kupeleka magonjwa na viumbe wageni kwenye miamba ya asili. Miamba ya Bahari ya Hindi magharibi ilipata pigo kubwa la kupauka mwaka 1998, na katika pwani ya Afrika Mashariki inalindwa kisheria.

DALILI ZA KUPONA

Polipu hufunguka kwa saa zilezile kila siku, rangi hurudi polepole, na ukingo wa nyama huvimba na kusogea juu ya mifupa. Kwa tumbawe lililopauka hali hiyo huchukua wiki hadi miezi. Mfanyabiashara asiliuze tena kabla ya hapo. Tumbawe linalosafirishwa mara ya pili likiwa dhaifu mara nyingi hufika likiwa limekufa, na aliyelibeba ndiye wa kwanza kudaiwa.